Kabali Moja Haimo Mkobani

Wiki nzima, msomaji, umemwacha Fundi Kipimo amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana yake, mkoba wa zana umepinduliwa, spana zimetapakaa huku na huko, naye anapapasa pindo za mkoba ule kama mtu aliyeangusha pete ya ndoa. Magoti yanamuuma sasa. Basi tumwinue, maana hana muda.

Kabali ilikuwa moja.

Zilitakiwa ziwe mbili.

Kwa uliyejiunga nasi leo, nikueleze upesi upesi. Kazi ya huyu bwana ni kurekebisha valvu za usalama, vile vidude vya shaba vinavyokaa juu ya vyungu vya mvuke, vyenye kuta mbili na mvuke katikati, na kuachia pumzi presha inapozidi. Kanuni ni moja na haina mjadala: valvu ifunguke kabla presha haijapita kiwango kilichogongwa kwenye kibao cha chungu. Lakini siku chungu kinapopimwa kwa maji, presha hupandishwa makusudi kupita kiwango hicho, ili ionekane kama kinavuja. Siku hiyo valvu hubanwa shingo isifunguke. Hiyo skrubu nene ya kuibana ndiyo mafundi wanaiita kabali.

Upimaji ukiisha, unatoa kabali, unarudisha kofia ya valvu, unafunga waya, unapiga lakiri ya risasi. Ukisahau kuitoa, umekiziba chungu pumzi, na kofia imelifunika kosa lako, na lakiri yako mwenyewe inalilinda.

Juzi Fundi Kipimo alipima vyungu viwili katika kiwanda cha jamu. Kabali mbili zilikwenda. Moja imerudi.

Na mpishi mkuu wa jamu katika kiwanda hicho ni mke wake.

"Mungu wangu," akasema. "Malkia!"

Jina hilo alimpa yeye mwenyewe zamani za uchumba, akalitamka siku moja mbele ya wafanyakazi wenzake, na tangu siku hiyo kiwanda kizima kinamwita Malkia. Ila kwa sasa Malkia hakuwa akikaa kwa mumewe. Alikuwa na wiki ya pili kwa mama yake, na sababu ni wivu wa Fundi Kipimo, wivu ambao ungeweza kuchemsha vyungu vyote bila boila.

Akapiga simu. Ikaita. Ikakatwa.

Akapiga tena. Ikakatwa kabla haijamaliza kuita.

Akapiga mara ya tatu. Simu ilikuwa imezimwa.

"Usizime, mwanamke! Usizime!" akaifokea ile simu, peke yake, kama chizi. Kisha akampigia mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama unamtafuta mke wako, hayupo. Na hata angekuwepo, hayupo."

"Mama, chungu cha kiwandani kinaweza kupasuka. Nimesahau—"

"Wiki iliyopita uliniambia umeanguka kutoka juu ya paa, unakata roho. Tukakimbia hospitali mimi na mwanangu, kanga hazijatukaa sawa. Tukakukuta umesimama nje ya mlango, umevaa shati lililopigwa pasi."

"Ile ilikuwa uongo, mama. Hii ni kweli."

"Hata ile ulisema ni kweli."

Simu ikakatika.

Fundi Kipimo hakufunga hata mlango wa karakana. Alibeba spana moja, akarukia pikipiki yake, akaondoka kama anafukuzwa. Watu barabarani walimpisha huku wakimtukana. Hakusikia. Kijasho chembamba kilimtoka, na kila alipokanyaga breki alimwona mkewe amesimama kando ya chungu, mwiko mkononi, hana habari.

Akafika getini roho juu juu.

"Simama hapo," akasema mlinzi.

"Afande, fungua! Ni dharura!"

"Wewe nimeambiwa usiingie."

"Na nani?"

"Na mke wako." Mlinzi aliusema ukweli huo kwa raha zake zote. "Alisema, mume wangu akija na hadithi yoyote, hata akisema kiwanda kinaungua, asiingie."

"Kiwanda hakiungui! Kinapasuka!"

Mlinzi akacheka mpaka akashika mkanda. "Ndoa hizi jamani! Ungeleta maua basi."

Hapo ndipo Fundi Kipimo alipofanya jambo ambalo wanaomjua hawakuwahi kumwona akifanya. Alipiga magoti kwenye kokoto za getini, mbele ya mlinzi, mbele ya madereva wa malori waliokuwa wakisubiri kupakia. Akatoa leseni yake ya ufundi, akaiweka juu ya kiatu cha mlinzi.

"Hiyo ndiyo mkate wangu, Afande. Kama nadanganya, ichane. Lakini mpigie Mhandisi. Usimpigie mke wangu, mpigie Mhandisi. Mwambie nimeacha kabali."

Mlinzi hakujua kabali ya chungu ni nini. Ila alijua mtu anayelia kweli, na huyu alikuwa analia. Akanyanyua simu ya ukutani, akaongea, kisha akampa Fundi.

Mhandisi wa kiwanda hicho ni mwanamke asiyependa maneno mengi, na hata siku moja hajawahi kumvumilia fundi mvivu.

"Fundi, vyungu vile umevipiga lakiri juzi. Nimeikagua mwenyewe."

"Lakiri ni yangu, Mhandisi. Chini yake kuna kabali."

Kiti kikasukumwa upande wa pili wa simu.

"Chungu kipi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikuwa naitazama mikono yangu."

"Ulikuwa unatazama nini?"

Angesema nini? Kwamba wakati anaifunga ile kofia, Malkia alipita kwenye ujia akiwa na msimamizi wa zamu, yule wanayemwita Marashi kwa sababu harufu yake hufika kabla yake? Kwamba Marashi alisema neno, na Malkia akacheka, akacheka hasa, kichwa nyuma, kama alivyokuwa akicheka zamani nyumbani kwao? Macho ya Fundi yakawafuata mpaka kwenye kona. Mikono ikaimaliza kazi yenyewe.

"Nilizubaa," akasema.

"Mpe mlinzi simu," akasema Mhandisi. Na geti likafunguka.

Walikutana uani, wote wawili wanakimbia. Mhandisi hakumlaumu. Alikuwa ameshashika spana na koleo.

"Sikiliza. Namba mbili hakijawashwa leo, ni baridi kabisa. Kinachopika ni namba moja peke yake. Kama kabali yako iko namba mbili, tumepona."

"Iko namba mbili," akasema Fundi.

"Umesema hujui."

"Naomba iwe namba mbili."

Wakaingia ukumbi wa kupikia. Joto likawapiga usoni, na ile harufu nzito ya nanasi na sukari. Wafanyakazi kibao walikuwa kwenye meza za kumenya, wamefunga vitambaa kichwani, wamejaza vizibo masikioni kwa sababu ya kelele za mashine ya kukorogea. Hakuna aliyegeuka.

Mhandisi alipanda mwenyewe kwenye chungu cha baridi. Akakata waya. Lakiri ikadondoka. Akafungua kofia ya valvu, akainama, akatazama.

Katika maisha yake yote, Fundi Kipimo hakuwahi kuomba kwa moyo kiasi hicho aaibike. Aibu iwe pale, kwenye chungu cha baridi. Wamcheke, wamfukuze, wamnyang'anye leseni. Iwe pale tu.

Mhandisi akainua kichwa. "Safi. Hakuna kitu."

Basi ilikuwa namba moja.

Na namba moja kilikuwa kinachemka. Nyuma yake, kwenye jukwaa la chuma lililobanwa kati ya chungu na ukuta, alisimama Malkia amewapa mgongo, anamimina mananasi na sukari. Kando yake magunia ya sukari yamepangwa kupita kimo chake. Na kando ya magunia, ameegemea reli kama yuko harusini, Marashi.

Hata wakati ule, msomaji, hata na kifo kimekaa juu ya chungu kikingoja, ule wivu ulimchoma Fundi mbavuni. Akaulaani kimoyomoyo. Ndio uliotufikisha hapa, alijiambia, na bado haushibi.

Mhandisi alikuwa anatazama saa ya presha. "Mshale uko mahali pake. Tusiwatie watu kiwewe. Tunafunga mvuke kwanza, taratibu, halafu tunawatoa."

Akashika gurudumu la bomba la mvuke. Akazungusha. Akazungusha. Akazungusha tena, na uso wake ukabadilika.

"Linazunguka bure."

"Vipi bure?"

"Limekatika ndani. Halishiki." Akamwita Marashi kwa mkono, akamwashiria atoe vizibo masikioni. "Gurudumu hili limeharibika lini?"

Marashi akainama juu ya reli. "Aa, hilo? Tangu jana. Nimeshaagiza kipuri."

"Hukuniambia!"

"Sikutaka tusimamishe kazi, Mhandisi. Oda ni kubwa."

Mhandisi hakumjibu. Alimshika bega mwanamke aliyekuwa karibu kwenye meza ya kumenya, akamchomoa kizibo, akamwambia sikioni: "Kimbia nyumba ya boila. Waambie wafunge valvu kubwa na wazime moto. Sasa hivi!" Yule mama alitupa kisu na kutoka nduki. Lakini nyumba ya boila iko ng'ambo ya uwanja, na gurudumu la ile valvu kubwa ni la kusukumwa na watu wawili wenye nguvu, nalo lina mizunguko kama ya kuchota maji kisima kirefu.

Kisha Mhandisi akabonyeza king'ora.

Lo! Ikawa patashika. Meza zilipinduliwa, mananasi yalibiringika, watu walikanyagana mlangoni. Na juu ya jukwaa, Marashi, yule bwana wa tabasamu na mashati ya kubana, alimsukuma Malkia pembeni kama mtu anayesukuma pazia. Akayaparamia magunia ili aifikie ngazi. Mguu wake ukagonga gunia la juu.

Rundo zima likaporomoka.

Malkia alipiga ukelele mmoja, akaenda chini, na magunia yakamlalia kuanzia kiunoni.

Marashi hakugeuka. Alishuka ngazi kwa mguu niponye, akaupita mlango, harufu yake ikabaki ukumbini.

"Malkiaaa!" Fundi Kipimo alishika ngazi.

"Fundi, ngoja!" Mhandisi alimkamata mkanda. "Tazama mshale."

Mshale ulikuwa unapanda.

"Mbona unapanda? Ulikuwa umetulia!"

"Kwa sababu ya matunda. Yale matunda baridi yaliyokuwa yanamiminwa ndiyo yaliyokuwa yanakunywa mvuke. Sasa wote wamekimbia, hakuna anayemimina, na mvuke unaendelea kuingia." Mhandisi alijipiga paji la uso. "King'ora changu ndicho kilichoupandisha. Mimi ndiye niliyeupandisha!"

"Mimi ndiye niliyeuziba. Nipishe."

Mhandisi akakimbilia bomba la chini la kutolea maji ya mvuke, akalifungua lote. Matone. Matone mawili matatu, kama pua yenye mafua. Kutu ilikuwa imelijaza.

Fundi alishafika juu.

Malkia alikuwa amelala kifudifudi, mikono mbele, anajaribu kujivuta kwenye vyuma vya jukwaa. Kizibo kimoja cha sikio kilikuwa kimemtoka. Aligeuza shingo, akaona viatu, akapandisha macho mpaka kwenye uso wa mume wake.

"Wewe? Hata huku?"

"Malkia, tulia—"

"Nimemwambia mlinzi! Nilimwambia waziwazi!"

"Malkia, chungu hiki kinataka kupasuka."

"Nani amekiharibu?"

"Mimi."

Mwanamke akamtazama, akautazama mvuke, akakisikia chungu kinavyonguruma. Hasira ikamtoka usoni. "Miguu siisikii," akasema kwa sauti ndogo. "Nitoe."

Fundi akashika gunia la kwanza, akalivuta. Gunia la sukari, ndugu yangu, si mto wa kulalia. Lilisogea kidogo likagoma. Mhandisi alikuwa ameshapanda naye, akashika upande wa pili, wakalitupa chini. Bado mengi.

"Hatuwahi," akasema Mhandisi huku anahema. "Mshale umefika mstari mwekundu. Itoe kabali kwanza, valvu ipumue, halafu tumtoe."

Fundi akageukia valvu, spana mkononi, na damu ikamsimama.

Valvu yoyote iliyofungwa kwa kanuni ina bomba la kutolea mvuke, linalopanda mpaka nje ya paa, ili ikifunguka isimbabue mtu. Juzi bomba lile lilikuwepo, alilifunga mwenyewe. Leo halikuwepo. Mdomo wa valvu ulikuwa wazi, mweusi, umeelekea moja kwa moja pale alipolala mkewe. Hapakuwa na hata urefu wa mkono kati yao.

"Bomba liko wapi?"

"Marashi alilifungua asubuhi," akasema Malkia. "Alisema linabana nafasi ya magunia."

Fundi na Mhandisi wakatazamana. Hakuna aliyetaka kulisema, na ilibidi lisemwe.

"Nikiitoa kabali, mvuke unampiga huyu usoni," akasema Fundi. "Ataiva. Atakufa mbele yangu."

"Usipoitoa, tunakufa wote watatu, na wale walio nje ya ukuta huu pia."

"Najua!" akapiga kelele. "Najua, Mhandisi, kazi yangu ndiyo kujua!" Sauti ikampasuka. Alijishika kichwa, mtu mzima, akazunguka mahali pamoja kama kuku aliyefungwa mguu. Akili haikumpa kitu. Aliona tu ule mdomo mweusi na kitambaa cha kichwani cha mkewe, kile cha maua ya buluu alichomnunulia yeye.

"Wewe," akaita Malkia. "Kipimo. Niangalie. Magunia haya yamejaa sukari?"

"Ndiyo."

"Mvuke unapita kwenye sukari?"

Akamtazama. Kisha akamwinamia, akambusu kichwani juu ya kitambaa, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele za watu.

"Mhandisi! Tusiyatupe! Tuyapange! Tujenge ukuta hapa, kati ya valvu na yeye!"

Wakavuta. Jamani, walivuta. Gunia la kwanza likasimama mbele ya kichwa cha Malkia. La pili juu yake. Kucha za Mhandisi zilikatika, hakuzitazama. Chungu kilianza kutoa mlio mwembamba wa chuma kinachovutwa. Ule mlio Fundi alikuwa ameusikia mara moja tu maishani, na hakupenda kukumbuka wapi.

"Ulisahauje?" akauliza Malkia akiwa chini, nyuma ya magunia. Alikuwa anaongea ili asilie. "Wewe unayepima chumvi ya mboga kwa kijiko cha dawa. Ulisahauje?"

"Nilikuwa nakutazama wewe."

"Nikifanya nini?"

"Ukicheka. Na Marashi." Akabamiza gunia juu ya gunia. "Nilikuona unacheka, nikafunga kofia bila kutazama. Basi. Ndivyo nilivyotaka kukuua."

Gunia jingine likapanda.

"Nilikuwa namwomba ruhusa," akasema hatimaye. "Nitoke mapema, nikuwahi palepale ulipokuwa unapima, turudi nyumbani pamoja. Nilikuwa nimeshakusamehe. Akaniambia, mume gani huyo anaombewa ruhusa kama kliniki? Ndiyo nikacheka. Nilikucheka wewe, mpumbavu mmoja. Halafu akaninyima. Na jioni ukanipigia simu, ukaniita lile jina."

Fundi Kipimo alisimama na gunia kifuani. Lile jina alilikumbuka. Hatuwezi kuliandika gazetini.

"Nisamehe," akasema.

"Panga gunia."

Akapanga. Lilikuwa la mwisho waliloweza kulifikia; yaliyobaki yalikuwa bado yamemlalia Malkia miguuni. Ukuta ulifika kifuani mwa mtu. Haukuwa ukuta wa kujivunia, ulikuwa na upenyo pembeni, na Fundi aliutazama ule upenyo, akavua ovaroli yake, akaikunja, akaisindika pale. Akabaki na fulana.

"Mhandisi, shuka. Nenda nje."

"Nani atakusomea mshale?"

"Mhandisi, una watoto."

"Na wewe una mke. Fungua." Aliruka chini, akasimama mbele ya saa ya presha, mikono kiunoni. "Umeupita mstari! Unakwenda mwisho wa saa! Fundi, sasa!"

Fundi Kipimo alikata waya. Lakiri yake, yenye alama yake, ikadondoka. Akafungua kofia.

Ilikuwepo. Imekaa shingoni mwa valvu, inang'aa, imetulia kama mwenye nyumba.

Akatia spana. Ikagoma. Joto lilimchoma viganja mpaka akaguna, hakuachia. Akaegemeza bega, akasukuma kwa uzito wote aliopewa na mama yake, na kabali ikalia kidogo, ikasogea. Robo mzunguko. Nusu.

"Malkia! Jifunike uso! Inatoka!"

"Toa!"

Akazungusha upesi, kwa vidole sasa, ngozi inabaki kwenye chuma. Kabali ikachomoka, ikamponyoka, ikagonga jukwaa, ikapotelea chini. Fundi akajitupa pembeni, akafumba macho, akaziba masikio. Akangojea ule mngurumo. Anaujua, ameusikia miaka yote ya kazi, valvu inapofunguka ni kama lori linapiga honi ndani ya kichwa chako.

Akangojea.

Akafumbua macho.

Valvu ilikuwa imekaa kimya. Kabali haikuwepo, springi ilikuwa huru, mshale umepita mwisho wa namba, na valvu haikutikisika hata kidogo.

Akaijongelea kwa magoti, akausogeza uso kwenye ule mdomo mweusi, mahali ambapo hakuna fundi mwenye akili timamu anayeweka uso. Ndani palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia kinachong'aa, kimetanda pote pote. Akakigusa kwa ncha ya spana. Kigumu kama kioo.

Sukari. Tangu asubuhi, tangu Marashi alipoling'oa bomba, kila gunia lililomiminwa pale lilikuwa likirusha vumbi lake ndani ya mdomo ule. Vumbi likayeyuka kwa joto, likashuka mpaka kwenye kiti cha valvu, pale inapojifungia, likaungua, likaganda. Valvu ilikuwa imegundishwa.

"Fundi!" Sauti ya Mhandisi ilikuwa imekwisha kabisa. "Mishono inafunguka! Naona mvuke kwenye mishono!"

Kilibaki kitu kimoja, nacho ni kosa ambalo kila kitabu cha kanuni kinalikataza kwa herufi kubwa: kuigonga valvu yenye presha. Ukiigonga sawasawa, sukari inapasuka, valvu inapumua. Ukiigonga vibaya, shingo inakatika, na chungu kizima kinakulipukia usoni. Wapi pa kugonga, kwa nguvu gani, hakuna aliyewahi kumpimia.

Akainua spana juu ya kichwa kwa mikono miwili iliyoungua. Safari hii alikuwa anaitazama mikono yake.

Nyuma ya ukuta wa sukari, Malkia alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa chake, anangoja.

"Mume wangu," akaita, "mbona kimya?"